Cresta GX100 inatetemeka kuanzia spidi 95, nimebalansi tairi mara tatu bado iko vilevile. Wataalamu njooni

#1 Mwenye Cresta (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipo nimeishiwa mbinu na mfuko nao umeishiwa.

Nina Cresta GX100 ya 1998, injini 1G, otomatiki, nilinunua kwa mtu miaka minne iliyopita na kwa kweli haijawahi kuniangusha njiani. Niko Dodoma, kila baada ya wiki mbili naenda Singida kufuata mafuta ya alizeti, kwa hiyo kile kipande cha Bahi mpaka Manyoni nakijua kuliko sebule yangu. Sasa kama miezi miwili hivi gari imeanza tabia. Mpaka spidi 90 imetulia kabisa unaweza ukanywa chai. Ikigonga 95 usukani unaanza kucheza kushoto kulia, ile ya haraka haraka, kwenye 105 ndo kilele, saa ya mkononi inagongana na mfupa. Nikijikaza nikapita 115 usukani unapoa kidogo ila hapo sasa siti inaanza kuvuma, unaisikia kwenye makalio na kwenye sakafu, na kioo cha katikati kinaingia ukungu, lori moja la nyuma naliona kama mawili.

Nimeshabalansi tairi mara tatu sehemu tatu tofauti, alaimenti (ile ya kunyoosha pembe za magurudumu) mara mbili, nimeweka tairi mpya mbili mbele, na wiki iliyopita fundi akaniambia ni shokapu nikabadilisha za mbele zote. Jumla imeshafika laki nane na sitini na gari inatetemeka kama ilivyokuwa, labda hata kidogo zaidi. Mke wangu ameanza kuniuliza kama hilo gari lina majini.

Natanguliza shukrani.

#2 Kimbia Taratibu

Dawa ipo, tembea 80. Na zile tochi za trafiki za kupima spidi kuanzia Bahi kwenda mbele sijui hata unafikaje hiyo 115 mkuu 😂

#3 Fundi Mwamba

Hiyo ni alaimenti. Hao waliokufanyia hawajui kazi, tafuta wenye mashine ya kompyuta, gari itatulia. Ikikataa angalia tairodi na boljointi, vile viungo vya usukani na miguu ya mbele.

#4 Mama IST

Pole kaka. Mimi si fundi ila nilipitia haya na IST yangu nikatapeliwa mpaka nikajifunza. Nikuulize kitu kimoja, mtetemo unakuja ukiwa umekanyaga mafuta tu, au hata ukiachia mguu upo? Maana yangu ilikuwa ukikanyaga kuanzia 60 kwenda 90 inatikisika mwili mzima, ukiachia mafuta inatulia kama haikuwa yenyewe. Nikabadilishiwa joint za nje mbili za ekseli za mbele, zile za upande wa tairi, wapi. Kumbe za nje zikichoka zinalia kata kata kata ukikata kona, hazina habari na mtetemo wa barabara kuu. Tatizo lilikuwa joint ya ndani, ile ya upande wa gia boksi, vile vigololi vyake vitatu vilikuwa vimekula kikombe vikachimba njia. Ukiweka kidole unasikia kabisa shimo. Nikaweka ekseli ya mtumba upande mmoja, laki moja na themanini, mpaka leo.

#5 Mwenye Cresta

Dada yangu ahsante. Hii yangu haichagui, nikikanyaga ipo, nikiachia ipo, inaondoka tu spidi ikishuka.

#6 Fundi Mwamba

@Mama IST Cresta inavuta nyuma dada, yaani nguvu inaenda tairi za nyuma, haina hizo joint za mbele unazosema.

#7 Mama IST

Najua inavuta nyuma ndo maana nimeuliza swali badala ya kumwambia akanunue kitu.

#8 Spana Kumi na Nne

Mleta uzi tulia kwanza usinunue kitu chochote tena. Nimekaa chini ya hizi gari za propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka nyuma) miaka mingi, nikuambie jinsi tunavyotafuta, afu utarudi na majibu.

Kwanza hii biashara ya alaimenti tuimalize. Alaimenti ikiwa mbovu gari inavuta upande, usukani unakaa mshazari, tairi inalika ndani au nje. Haitetemeshi gari yenyewe kama yenyewe. Itakutetemesha baadaye ikishakula tairi vibaya, lakini hapo ni tairi inatetemesha. Kitu kinachotetemesha gari ni kitu kinachozunguka. Chukua hiyo, kila utakachoambiwa ubadilishe jiulize kinazunguka? Shokapu haizunguki. Shokapu mbovu au bushi iliyokufa inafanya mtetemo mdogo uonekane mkubwa, lakini haiuzalishi.

Sasa kwenye gari yako vinavyozunguka ni injini na gia boksi, propela, ekseli za nyuma, na magurudumu yenyewe na disiki zake. Inabidi ujue ni kundi gani kabla hujafungua nati hata moja, na majaribio yake ni ya bure.

La injini: ukiwa 100 kwenye tambarare, barabara tupu, bonyeza kile kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kwenye gia lever ili ishuke gia. Injini itapanda ghafla ila spidi ya gari ni ileile. Kama mtetemo umebaki vilevile basi injini haihusiki, futa plagi, futa raba za injini, na torque converter pia umeitoa. Kama umebadilika au umeondoka, hapo injini ina kesi.

La pili, unausikia au unauona? Usicheke, ndo swali lenyewe. Tairi ya saizi yako mzunguko mmoja ni kama mita mbili kasoro kidogo. Spidi 100 ni mita 27 na ushee kwa sekunde. Kwa hiyo tairi inazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Kutikisika mara 14 kwa sekunde jicho linaona, usukani unauona unacheza, maji kwenye chupa unayaona. Propela iko kabla ya difu (lile boksi la gia la katikati ya ekseli za nyuma), na difu za hizi gari zinacheza kwenye nne na kitu, maana yake propela inazunguka zaidi ya mara nne kila tairi ikizunguka mara moja. Hiyo inafika hamsini na kitu kwa sekunde, hapo jicho halioni tena, unaisikia kama mvumo, kama friji bovu chini ya siti, na kioo kinaingia ukungu.

Umeshasoma ulichoandika mwenyewe post ya kwanza? Usukani "unacheza" 95 mpaka 110. Siti "inavuma" kuanzia 115. Mimi naona hapo una magonjwa mawili yamelala kitanda kimoja, ndo maana kila ukitibu unaona haijapona.

La mwisho na ndilo kubwa: kabla haijaanza kutetemeka, hii gari iliguswa wapi? Fikiria vizuri.

#9 Kimbia Taratibu

Aisee Spana umeshuka nondo. Basi na mimi niache utani. Mimi ni dereva wa Coaster, niongeze kimoja ambacho hakitakiwi kusubiri uzi uishe. Kagua tairi zako kwa mkono, zote, mpaka upande wa ndani usioonekana. Pitisha kiganja taratibu. Ukikuta nundu, sehemu imevimba kama imeng'atwa na nyuki, au kashata (yale meno ya tairi) zinapanda na kushuka wakati ukizungusha tairi hewani, usiondoke nayo. Mimi niliwahi kudharau mtetemo wa spidi 60, kila siku unaongezeka kidogo, nikasema nitaangalia kesho. Nimefika Mlandizi kashata yote imechanika imekunja bampa na kupiga bodi kama risasi, abiria wamelala chini wanadhani majambazi. Bahati ilikuwa ya nyuma na ndani.

Halafu soma namba nne za mwisho pale kwenye DOT ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Kashata inaweza ikawa nene kama mpya na tairi ni bibi kizee.

#10 Mwenye Cresta

Wakuu nimerudi, jana nilikuwa na safari nikafanya kama mlivyosema.

O/D: nikiwa 100 pale baada ya Bahi nimebonyeza, mshale umetoka kama 2500 ukaenda kwenye 3500, mtetemo uleule, haujapungua wala kuongezeka. Kwa hiyo injini tumeitoa.

Tairi: hakuna nundu namshukuru Mungu. Za mbele mpya. Za nyuma zimeandikwa 3115, kumbe ni wiki ya 31 ya 2015! Na kashata zake nene kweli, ndo maana nilizipenda.

Kuhusu iliguswa wapi, kitu pekee ni rimu. Nilikuwa na rimu zilezile za kiwandani inchi 15, nikaona hizi za inchi 16 za michezo zinauzwa zikiwa na tairi zake, nikabadilisha. Tena ni miezi miwili kama na nusu. Ila wakuu rimu zimeingia vizuri, matundu matano yamekaa sawasawa, na kwenye mashine ya kubalansi zinasoma sifuri kabisa, nimesimama pale pale nimeona kwa macho yangu. Ndo maana nikazitoa kwenye listi.

#11 Spana Kumi na Nne

Ahaaa. Sikiliza vizuri.

Mashine ya kubalansi inaibana rimu kwa tundu la katikati, kuna koni inaingia pale inalikamata lile tundu inaliweka katikati kabisa. Kwa hiyo sifuri uliyoiona ni ya kweli, ila ni sifuri ya kwenye mashine. Swali ni je, ukiifunga kwenye gari inakaa katikati vilevile? Rimu ya kiwandani ya Toyota yako tundu lake la kati linaingia kwenye habu (kile kitovu cha chuma gurudumu linapofungwa) limebana, habu ya hizi gari ni milimita 60.1. Rimu nyingi za kununua zimetengenezwa ziingie gari za kila aina, tundu lake ni 73.1, wanategemea uweke pete ya kujaza ile nafasi. Bila pete rimu inaning'inia kwenye nati tu. Fundi akikaza nati ya kwanza mpaka mwisho afu ndo anahamia nyingine, tena gari imeshateremshwa chini, rimu inasogea pembeni kanusu milimita hivi na hiyo inakutosha kabisa kukutikisa kwenye 100.

Chomoa gurudumu moja, nenda kapime. Na nati zako niletee habari zake, ni zile zenye mdomo wa koni au zile ndefu zenye washa bapa? Rimu za alloy za kiwandani za Toyota nyingi zinatumia za washa bapa. Ukichukua zile ukafungia rimu yenye tundu la koni hazikamati katikati hata kidogo, zinabana juu juu.

#12 Nakuru Probox

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania, mimi ni jirani kutoka Kenya, nafuatilia kimyakimya. Niko na Probox na yangu ilikuwa inatetemeka nikishika breki pekee yake, haswa nikiteremka kuelekea Naivasha, stelingi inapiga hadi mikono inachoka. Kila fundi aliniambia disiki zimepinda ninunue mpya. Nikanunua, wiki tatu ikarudi. Mzee mmoja akafungua akaniuliza huyu fundi wako alisafisha habu? Kulikuwa na kutu imeshika kwa habu kama ganda, disiki mpya ikakalishwa juu ya kutu, kwa hivyo ilikuwa inayumba tangu siku ya kwanza. Akakwangua na brashi ya waya dakika kumi. Sasa huyu ndugu akiweka hizo pete asisahau kukwangua pia.

#13 Mwenye Cresta

Wakuu nimepima. Nimeazima kalipa ya kupimia kwa mtu wa leti, ile mashine ya kuchonga chuma. Habu 60, tundu la rimu 73. Yaani nikiingiza rimu bila nati kidole changu kidogo kinapenya kati ya chuma na chuma, naweza nikaisogeza juu chini huku mtoto wangu anaangalia. Na nati, aibu naona hata kusema, ni zile za washa bapa za rimu za zamani. Aliyenifungia alisema ni saizi moja.

Huyo huyo mtu wa leti amenichongea pete nne za aluminiamu, elfu kumi na tano moja, alichukua vipimo kwenye kila habu na kila rimu, hakuchonga kwa kukisia. Ya kwanza ilikuwa inaingia kwa kulegea akaitupa akaanza upya, nikamheshimu. Nati za koni nimenunua ishirini mpya. Nimekwangua habu kama ndugu wa Nakuru alivyosema, kweli kuna ganda la kutu limetoka kama chapati. Gurudumu likiwa hewani nimekaza kwa mtindo wa nyota kidogo kidogo, nikateremsha gari nikamalizia kwa spana ya kupima mkazo, 103 Nm.

Matokeo: USUKANI UMETULIA. 95, 100, 105, hamna kitu. Naachia mikono gari inaenda yenyewe. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

LAKINI siti bado inavuma. Na sasa hivi usukani umetulia ndo naisikia vizuri, inaanza 100 sio 115, na inazidi kadri ninavyoongeza, haina kilele. Nimehamisha za nyuma mbele za mbele nyuma, haijahama.

#14 Fundi Mwamba

Hizo tairi za 2015 hizo. Tupa.

#15 Spana Kumi na Nne

Zitupwe kwa sababu ya uzee wake, sawa, hilo sibishani. Ila angekuwa na tatizo la tairi mvumo ungehama alipozihamisha, ungemfuata mbele kwenye usukani. Haujahama, umebaki chini ya siti, unazidi na spidi, hausikilizi O/D, na haujali amekanyaga au ameachia. Kilichobaki chini ya hiyo siti kinachozunguka ni kipi?

Mleta uzi, nakurudia swali langu la juu. Iliguswa wapi?

#16 Mwenye Cresta

Dah.

Wakuu nimekaa nimewaza nimekumbuka na nimejiona mjinga. Wiki ileile ya rimu, labda siku nne kabla, gari ilikuwa inagonga chini ukiondoka kwenye foleni, du, ile ukitoa mguu kwenye breki. Fundi akasema senta beringi ya propela imekufa raba. Akabadilisha, nikalipa, kugonga kukaisha, nikashukuru nikasahau. Sikuihesabu kwa sababu kichwani kwangu ile ilikuwa imetengenezwa, sio imeguswa. Rimu ndo zilikuwa "mabadiliko".

#17 Spana Kumi na Nne

Usijione mjinga, kila mteja anajibu hivyo hivyo. Ukimuuliza nini kilibadilika anakutajia alichokipamba, alichokitibu hakitaji.

Sasa nikueleze kwa nini hapo ndo penyewe. Propela yako ni vipande viwili, katikati kuna senta beringi inaning'inia kwenye bodi kwa raba. Kuitoa hiyo beringi lazima utenganishe vipande, kuna flenji (kisahani cha kuungia) ina meno ndani imevaa kwenye shafti na imefungwa nati kubwa moja. Krosi (kile kiungo cha msalaba kinachoruhusu propela kupinda, kimeshikwa na masikio ya chuma) ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa, kila mzunguko inaharakisha na kuchelewesha kidogo, na mtengenezaji amezipanga krosi ili ya huku ifute ubaya wa ya kule. Ndo maana kitabu cha Toyota kinakuambia weka alama kwenye flenji na shafti kabla ya kufungua, na alama nyingine pale nyuma inapokutana na difu kwenye zile bolti nne. Fundi asipoweka alama, anarudisha jino lolote litakaloingia, na litaingia tu, meno yote yanafanana. Propela haiko mbovu, kila kitu ni kizima, ila masikio ya krosi hayaangalii panapotakiwa, na balansi ya kiwandani waliyoipata vikiwa vimefungwa pamoja imepotea.

Nenda kwa mtu mwenye shimo au liweke kwenye stendi nne, narudia stendi, sio jeki na tofali. Mwambie amulike aangalie masikio ya krosi ya mbele, ya kati na ya nyuma. Kama ana GX100 nyingine gereji alinganishe nayo, itampunguzia ubishi. Na amuru pia kuangalia kama senta beringi mpya imekaa mraba, zile bolti zake mbili zina nafasi ya kusogea na ikikaa kichwa upande nayo inavuma.

#18 Mama IST

Na kama fundi hana rangi ya kuweka alama mpelekee rangi ya kucha. Tipeksi inafutika na grisi. Ya kucha nimeweka kwenye nati za IST mwaka wa pili ipo.

#19 Kimbia Taratibu

Dada wewe ungekuwa kwetu ungekuwa kondakta mkuu 🙌

#20 Mwenye Cresta

Wakuu uzi huu naona niufunge kwa heshima.

Jumamosi nilienda kwa mzee mmoja kule Kizota ana shimo lake, na kwa bahati kulikuwa na Mark II GX100 ya mteja mwingine imelala pale inasubiri spea. Mzee akaingia chini ya ile kwanza, akatoka na kijiti amekivunja kwa urefu fulani, akaingia chini ya yangu. Dakika mbili akaniita. Nikashuka na tochi ya simu. Kwa kweli hata mtu ambaye hajawahi kushika spana anaona, ile ya mwenzangu masikio yamekaa kwa mpangilio mmoja, yangu ya nyuma yamegeuka kama mtu aliyekasirika na mwenzie. Halafu pale kwenye difu kulikuwa na alama ya zamani ya rangi, upande wa flenji ipo saa sita, upande wa propela ipo saa tisa. Mzee hakusema kitu, alifanya tu "mmh".

Tukatoa propela yote. Akafungua ile nati kubwa kwa paipu ndefu, watu wawili tumeshikilia, akageuza flenji mpaka masikio yakakaa, akarudisha, nati mpya, nyuma akalinganisha alama. Krosi akazikunja kwa mkono moja moja zote laini, hakuna iliyokwama. Senta beringi mpya iko sawa ila ilikuwa imelala upande, akaisogeza kwa kugonga kidogo na mpini wa nyundo huku anaangalia. Kabla ya kufunga akaweka rangi ya kucha 😂 ndio Mama IST, nilimwibia shemeji yako. Nyekundu.

Amechukua elfu arobaini. Laki nane na sitini zilizotangulia tusizitaje, ile shokapu ya mbele angalau ilikuwa ya zamani.

Jana nimeenda Singida na kurudi. 100, 110, mara moja nimegusa 120 pale tambarare nikaangalia kioo, lori la nyuma ni moja. Nilikuwa na chupa ya maji nusu kwenye kishikio, nikawa naiangalia kuliko barabara mpaka mke wangu akanigombeza. Kuna kamvumo kadogo sana kwenye 110 ambako nadhani ni hizo tairi za 2015 zilivyolika, mwisho wa mwezi nazitoa.

@Spana Kumi na Nne sina cha kukulipa mkuu, ukipita Dodoma nitumie meseji kuna dumu la alizeti lako.

#21 Spana Kumi na Nne

Dumu nalifuata kweli sio utani. Sasa umeshatembea, usikawie, rudia kukaza zile bolti nne za difu na nati za tairi, pete mpya zikishakaa nati zinaweza kulegea kidogo. Na hizo pete zikija kukwama kwenye kutu usizipige nyundo, WD-40 na subira.

#22 Nakuru Probox

Hongera ndugu. Hiyo ya kijiti cha mzee nimeipenda sana.

#23 Fundi Mwamba

Nilisema alaimenti nikimaanisha ya propela.

#24 Mama IST

😂😂😂

#25 Mgeni Mpya 77

Sijasoma uzi wote mkuu ila dalili kama hizo jaribu kubalansi tairi.